Katuni ya Baba Zuhura

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya sanaa, mmoja wenu, ninyi walimu wapya, aliniuliza ile meza yenye tundu katikati ilikuwa ya kazi gani, na kama inaweza kutolewa ikapasuliwe kuni za jikoni. Nikamjibu kuwa ni meza ya kupigia picha. Akanitazama namna vijana wanavyotutazama siku hizi, kwa adabu nyingi na imani kidogo, kisha akaendelea kukagua brashi. Nikaona heri nikae hapa Bigwa kwenye kibaraza changu niwaandikie. Mkimaliza kusoma, kuni mtatafuta kwingine.

Vyeo sitaviandika, kwa kuwa nilivyopata havina hadithi. Mishahara nayo tuiache ilale salama. Nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, na hasa kazi moja, ambayo mpaka leo nikisikia mtu anapita barabarani akiimba vibaya, moyo wangu unaruka.

Nilitokea Nzega nikiwa kijana mwembamba mwenye sanduku la bati. Kwetu ni tambarare. Ukitaka kuona mbali unapanda kichuguu. Niliposhuka stendi ya Morogoro mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na milima ilikuwa imejifunika mawingu hadi kiunoni. Nikamuuliza mpita njia, nyuma ya mawingu yale kuna nini? Akasema, "Kuna watu." Nililiona jibu la kiburi. Baada ya kuwafundisha watoto wa watu hao kwa miaka mingi, nimekubali kwamba hakukuwa na jibu lingine.

Kwenye chuo cha ualimu nilipokelewa na Bi Paulina, mkuu wa idara yetu na mwalimu wa muziki, mama wa Kingoni mwenye umbo la kujaza mlango na kinanda cha kuvuta kifuani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kupiga.

"Unajua kuimba?"

"Hapana, mama."

"Afadhali umesema mwenyewe. Utafundisha kuchora. Ila ukiwa karibu na darasa langu usifungue mdomo."

Huyo ndiye aliyenifundisha ualimu. Cheti nilikuwa nacho tayari, lakini cheti na ualimu ni ndugu wasiosalimiana. Bi Paulina alikuwa na msemo wake: usimfundishe mtu wimbo kabla hujamfundisha kupumua. Nikauhamishia kwenye kuchora. Mwanafunzi wangu hakushika rangi mpaka mkono wake ujue kwenda na kupumzika. Tulichora kwa mkaa wa jikoni, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwa sababu miaka ile karatasi safi ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari, ingawa ilitengenezwa mkoani humu, tuliijua zaidi kwa jina.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka, na karibu na soko vikafunguliwa vibanda vya video ambako kwa sarafu chache mtu aliona karate mpaka akatoka anapiga mateke hewani. Wanafunzi wetu walikuwa wateja wazuri. Wakati huohuo tukaanza kuulizwa na wakubwa, kwa upole, nchi inayofanya biashara ina haja gani na walimu wanaojua kuchora mbuzi. Bi Paulina alijibu kwamba hata biashara inahitaji vibao. Wakacheka, wakaondoka, lakini rangi hazikuletwa tena.

Ndipo likaja lile darasa la mwaka wa pili. Walitoka mjini jioni moja wanazungumza wote kwa pamoja: wameona katuni ya kuimba, ya kutoka nje, ambamo kila kitu kinaimba, hata miti. Wakasema mradi wao wa kumalizia mwaka, ule unaotazamwa na watahini, utakuwa katuni ya kuimba. Sikuwa na kamera, sikuwa na karatasi, na sikujua katuni inatengenezwaje. Nikawaambia vizuri, tutafanya. Nyakati nyingine mwalimu anakubali jambo kabla akili yake haijafika.

Nikaweka sharti moja: wasitunge kisa. Wachukue filamu iliyokwisha kutengenezwa waifanye upya, ili ugomvi wetu uwe juu ya namna ya kusimulia tu. Wakataka karate. Wengine wakataka zile za Kihindi za kulia. Nikawaambia filamu lazima iwe ya kuitazama tena na tena, na mwenye kibanda hatakubali turudishe nyuma kanda yake mpaka ikatike. Ikabaki filamu moja tu: reli, yaani gurudumu la utepe wa sinema, ya zamani ya serikali juu ya kilimo cha matunda Uluguru, iliyoachwa stoo kwetu na watu wa sinema ya kuzunguka vijijini siku gari lao lilipokufa uwanjani. Projekta ilikuwapo, ila taa yake ya kusomea sauti ilikuwa imeungua na ya kubadilisha haikupatikana. Watu ndani ya filamu walichezesha midomo, usisikie kitu. Darasa likanuna. Bi Paulina akasema, "Filamu bubu inaomba kuimbiwa, ninyi mnanuna nini?"

Basi tukaitazama, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya bweni. Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Mkulima wa Kinole anatoka kwake asubuhi na mkungu wa ndizi begani, anateremka mlima kutuelekea, kutoka mdogo hadi kujaa ukuta mzima, anafika ghala la ushirika, ndizi zinapimwa, anatabasamu, mwisho. Kabla ya safari, mke wake anaonekana mlangoni na mtoto mgongoni. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja aliposimama akaziba mwanga wa projekta, watu wakaanza kumzomea akae chini. Alikuwa Zuhura, msichana mkimya aliyezoea kukaa nyuma.

"Mwalimu," akasema, "yule si mama yangu yule? Ile nyumba ya bibi. Na huyo mgongoni ni mimi."

Nikasimamisha projekta. Akatuambia kwamba kwao ilikuwa ikisemwa tangu zamani kuwa baba yake yumo kwenye sinema ya serikali, lakini hakuna aliyewahi kuiona. Baba alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Hakuachiwa picha wala shati. Nikairudisha reli mwanzo. Darasa zima likatazama tena, na mara hii hakuna aliyemtazama mama mlangoni. Wote tulikuwa tunamtazama yule mwanamume mwenye mkungu, kofia ya kiua, na shingo ndefu iliyokuwa pale pale mbele yetu, mabegani mwa Zuhura.

Baada ya kipindi alinifuata. "Mwalimu, sinema ikiisha anabaki ghalani. Mimi nataka yetu isiishe vile. Nataka arudi nyumbani." Nikamwambia atarudi. Tangu siku hiyo mradi ule haukuwa wa watahini tena.

Sasa nije kwenye meza yenu. Kamera tuliazimwa na kijana wa mjini aliyepiga video za harusi, ambaye siku za kazi hakuwa na harusi. Ilikuwa ya kanda, nzito kama mtoto wa miaka miwili, na haikujua kupiga picha mojamoja. Ulibonyeza ikaanza, ukabonyeza ikasimama, na kila iliposimama ilijirudisha nyuma kidogo na kula kipande cha ulichokwisha kupiga. Tulijifunza kwa hasara kuiachia pumzi ya ziada, iendelee kupiga kidogo, kabla ya kusimamisha. Tukatoboa meza, tukaifunga kamera juu yake inatazama chini, na sakafuni tukatandika kitambaa cha marekani kilichochorwa mlima. Watu tuliwakata kwa karatasi ya manila, viungo vikaungwa kwa fundo la uzi ili mguu na mkono viende. Unasogeza mguu kidogo, unapiga. Unasogeza tena, unapiga. Siku nzima ya kazi ilitupa mwendo ambao ukipiga chafya umeukosa.

Baba Zuhura alitupa kazi kuliko wote, kwa sababu alikuja kutuelekea. Ilibidi tumkate mara nyingi, kuanzia aliye mdogo kama njugu mpaka aliye mrefu kama mkono, na kumbadilisha kila hatua. Gundi yetu ilikuwa uji wa unga, na mende wa stoo walikula sikio la mmoja wao. Zuhura akalishona jipya. Ndiye aliyewatunza hao baba zake wote, kwenye boksi la viatu, na hakuruhusu mtu mwingine kuwashika kwa mikono yenye jasho.

Mwimbaji alikuwa Elia, kijana wa Dakawa aliyelelewa na kwaya ya kanisa, sauti yake ikitoka hata wapishi walikuwa wanasimamisha mwiko. Kwa kuwa kamera hatukujua kuitia nyimbo baadaye, tuliamua kwaya isimame kando ya televisheni siku ya maonyesho na kuimba papo hapo. Bi Paulina alitunga wimbo wa kuteremka, Elia akauimba, Zuhura akasikiliza ameegemea ukuta, macho kayafumba. Nilimwona nikajua anachofanya. Alikuwa anajitengenezea baba.

Bi Paulina ndiye aliyesema hatuwezi kumchora marehemu wa watu bila kuomba. Ujumbe ukapelekwa Kinole. Mama Zuhura akashuka na gari la ndizi, kavaa khanga doti mpya, kikapu mkononi, na alipokaribishwa kiti alikataa.

"Nani mkubwa hapa?"

Bi Paulina, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa, akaninyooshea kidole mimi.

"Nimeambiwa mume wangu mmemfanya katuni."

"Mama, si kwa ubaya..."

"Katuni si ile ya kwenye gazeti, watu wana pua kama viatu? Mume wangu kafa, mwalimu. Mtu akifa anachekwa na nani?"

Kwa mgeni swali lile lingekuwa matusi. Huku lina jibu, na nilishukuru kwamba nililijua. Nikasema, "Anachekwa na watani wake, mama."

"Ndiyo wewe? Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi. Wa Nzega."

Akaweka kikapu chini. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Mnyamwezi!" akasema. "Sasa muda wote huu ulikuwa wapi?"

Wengine wenu mmekulia mijini, kwa hiyo nieleze. Waluguru na sisi Wanyamwezi ni watani. Mtu akifa, wakati ndugu wanalia, mtani wake huvaa kofia ya marehemu akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chakula kama yeye, na waliofiwa wakacheka katikati ya machozi. Si dharau. Ni namna ya kumtembeza marehemu mara ya mwisho mbele ya watu wake. Mjane mwenyewe hawezi kufanya hivyo, wala mtoto. Ni kazi yetu sisi watani, na usipoifanya msiba unabaki na tundu.

Mama Zuhura akakubali kiti. Akatuambia kwamba mumewe alishuka kwenda kutafuta kibarua mashamba ya miwa, akaugua huko wakati wa masika, barabara ya mlimani imekatika. Walipopata habari alikuwa amekwisha kuzikwa na watu wa kambini. "Kazikwa na watu wema," akasema, "lakini hawakumjua. Hakuna aliyemwigiza. Mimi nilikaa ndani na kitoto, watu wakaja wakasema pole, wakaenda. Basi."

Akaomba aone. Tukamwonyesha kipande tulichopiga, mume wake akiteremka mlima. Akatikisa kichwa. "Huyo askari. Baba Zuhura hakutembea hivyo."

"Alitembeaje?"

"Mimi nitakuonyeshaje? Mtani nani hapa?"

Ndiyo maana mchana ule darasa zima lilitoka na mbao zao za kuchorea, likakaa kwenye majani ya kilima nyuma ya jiko, nami mwalimu wao, mtu mzima mwenye kitambi kilichokwisha kuanza, nikabebeshwa mkungu wa ndizi nikateremshwa kama mbuzi wa mnada.

"Magoti, Mnyamwezi! Ukinyoosha miguu hivyo utafika bondeni bila meno."

"Mama, mzigo mzito."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe mkungu mmoja unakushinda?"

"Babu zangu walipita njia, mama. Hawakuishi ukutani kama mijusi!"

Akapiga makofi kwa kucheka. Nikapandishwa tena, nikateremka tena. Magoti yainame. Kiuno kiende upande. Mkono huru usitulie, uwe unashika hewa. Kwenye kona ahamishe mkungu bega. "Na hapo," akasema, "hapo kuna mzizi wa mfenesi. Alijikwaa hapo kila siku ya Mungu. Kila siku! Halafu anausemesha."

Zuhura aliyekuwa anachora akainua kichwa. "Anausemesha anasemaje?"

"Anasema, 'We bado upo tu?' Kama anaongea na shemeji yake."

Nikajikwaa kwenye mzizi usiokuwapo, nikageuka, nikauambia, "We bado upo tu?" Darasa likaangua kicheko. Mama Zuhura alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Zuhura hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua hanioni. Nimefundisha miaka mingi, nimesifiwa mara chache na kukemewa mara nyingi, lakini sijawahi kutazamwa vile, na nikawa naogopa kusimama wima nisije nikamharibia. Nikaomba niteremke mara moja zaidi, ingawa goti lilikuwa linaniuma.

Tukamkata upya Baba Zuhura, magoti yameinama. Mlima ukapata mzizi. Mambo yangekuwa mazuri kama jioni ile kabla ya kuondoka Mama Zuhura asingesikia mazoezi ya kwaya.

"Nani huyo anaimba?"

"Ndiye baba, mama," Zuhura akasema. Uso wake ulikuwa umejaa fahari.

Mama yake akasikiliza hadi mwisho. "Kijana ana sauti, Mungu ambariki. Lakini baba yako hakujua kuimba, mwanangu. Aliimba kama mlango wenye kutu. Nilikuwa namsikia toka bondeni, namwambia bibi yako, fungeni mbuzi, huyo anakuja."

Watu wakacheka, wakanyamaza haraka walipomwona Zuhura.

"Mama, mimi sina kitu chake," akasema. "Sina picha, sina shati. Sasa hata sauti mnampa mbaya?"

"Ndiyo aliyokuwa nayo," mama yake akasema, kwa upole sana.

Gari la ndizi likaondoka na mama. Zuhura hakuja darasani kesho yake, na alipokuja hakuzungumza na mtu. Bi Paulina alinizuia nisimfuate. Katuni ingeweza kuwa na sauti yoyote. Watahini wangependa ya Elia, nasi tungepata sifa. Yule aliyepaswa kuamua alikuwa ni Zuhura peke yake, kama anamtaka baba mzuri au anamtaka baba yake. Nami nilikaa stoo naunganisha nyuzi za magoti huku naona uchungu kana kwamba ni wangu. Nililelewa na baba mwenye makelele, nikamkimbia hadi Morogoro. Siku zile ndipo nilipoanza kumkumbuka.

Siku ya tatu alisimama mbele ya Elia. "Imba kama mama alivyosema," akamwambia. "Lakini usimdhihaki."

Ni kazi ngumu kumfundisha mwenye sauti kuimba vibaya. Elia alipojaribu kuharibu alikuwa mchekeshaji, na Bi Paulina akampiga marufuku. "Huyu mtu hajui kwamba anakosea," akamwambia. "Anaimba kwa moyo wake wote. Kosea kwa moyo wako wote." Yeye mwenyewe aliteseka. Masikio yake hayakuwahi kustahimili noti iliyopinda, na kila jioni baada ya mazoezi alikwenda kukaa peke yake na kinanda chake kujiosha. Lakini Elia aliipata. Ilitoka sauti ya mtu mwenye njaa, mwenye furaha, anayekaribia kwake.

Mfungo ulipokwisha na mfunguo mosi kuingia, harusi zikafuatana mjini kama mvua. Yule kijana wa video akaja mchana mmoja akasema anaihitaji kamera kesho asubuhi, na hataweza kuiazima tena mpaka harusi zipungue. Maonyesho yalikuwa wiki ile ile. Tulikuwa na kuteremka, tulikuwa na ghala, tulikuwa na tabasamu. Kurudi hatukuwa nako.

Darasa likajaa stoo. Zuhura akafungua boksi lake akawapanga baba zake sakafuni, mkubwa hadi mdogo. Wote walikuwa wanatutazama. Filamu ile ya serikali ilimpiga akija tu. Haikumwonyesha hata mara moja akiwa ametupa kisogo, na sisi tulikata tulichokiona. Hatukuwa na mgongo wake. Kukata wapya wote, pamoja na viungo, kusingewezekana kabla ya jua kutua, na umeme jioni zile ulikuwa wa kubahatisha.

Elia akasema tuwapige hao hao kwa kurudisha nyuma, kuanzia mkubwa kwenda mdogo. Atapanda.

"Atapanda kinyumenyume," Zuhura akasema. "Kama mtu aliyelewa. Watu watamcheka."

"Au asirudi," mtu mmoja akasema nyuma, si kwa ubaya.

Zuhura akainama juu ya wale baba. Kisha akamwinua mkubwa, akamlaza kwenye mlima, chini kabisa, akaniambia, "Piga, mwalimu."

Tulipiga kwa haraka, na kwa kuogopa kamera isile kitu niliiachia pumzi ndefu kuliko kawaida kila hatua. Hilo lilikuja kuwa na matokeo yake.

Kabla sijafika siku ya maonyesho niwaambie yaliyofuata, ili niyamalize. Reli ya ile filamu ya serikali ilichukuliwa mwaka uliofuata na watu waliokuja kukusanya mali za ofisi iliyokuwa inafungwa. Nimeulizia mara nyingi. Hakuna anayejua ilipo. Kanda yetu ilipata ukungu wakati wa mvua kubwa, na fundi niliyempelekea alinirudishia utepe mweusi uliojikunja. Somo letu lilipunguzwa, likarudishwa, likapunguzwa tena. Zuhura alipangiwa shule Dakawa, na watoto wake wa darasani, nasikia, wanachora vizuri. Bi Paulina tulimzika kwao Ungoni. Natamani kumsikia tena akinikataza kufungua mdomo. Natamani stoo ile, harufu ya uji wa unga, darasa zima limelala kifudifudi kuzunguka mlima wa kitambaa, hakuna anayepumua mpaka niseme tayari. Mnaniuliza nimepumzika vipi. Nimepumzika vibaya.

Maonyesho yalikuwa alasiri, ukumbini, mablanketi madirishani, televisheni ya mkuu wa chuo imepandishwa juu ya meza mbili. Watahini mbele na kalamu zao, wanafunzi nyuma, Mama Zuhura katikati na akina mama aliokuja nao kutoka Kinole. Kwaya ilisimama kando, Zuhura miongoni mwao. Baba Zuhura akatokea, njugu juu ya mlima, akaanza kuteremka magoti yameinama. Elia akafungua mdomo.

Mtahini mmoja alikunja uso. Ukumbi ulishangaa, kisha ukaanza kucheka, na alipojikwaa kwenye mzizi na kuusemesha, wakacheka hadi viti vikalia. Nikageuka niwanyamazishe. Mama Zuhura akanishika mkono.

"Waache, mtani," akasema. "Huu ndio msiba wake."

Yakaja mambo ya ghala, tabasamu, mizani. Kisha akaanza kupanda. Kinyumenyume, uso kwetu, magoti yanainama, anapungua. Watu walicheka tena, na Elia akaimba wimbo wa kurudi mpaka mwisho, lakini kwa ile pumzi niliyoiachia kamera, wimbo uliisha naye yuko nusu ya mlima. Hatukuwa tumeandaa kitu kingine. Elia akanitazama. Ukumbi ukanyamaza, na katika kimya kile Baba Zuhura akaendelea kupanda taratibu, anatutazama.

"Zuhura," mama yake akaita. "Toka huko. Njoo umwone."

Zuhura akapita katikati ya watahini akaja kuchuchumaa miguuni pa mama yake.

"Mama, anakwenda kinyumenyume. Nilijua watacheka."

"Kinyumenyume wapi? Anakutazama wewe. Mtazame vizuri, usiangalie pembeni."

Zuhura akatazama. Baba yake akawa kama kidole, akawa kama punje ya hindi, na hata alipokuwa njugu bado uso wake ulikuwa kwetu. Kisha mlima ukabaki mtupu.

"Kafika?" Zuhura akauliza.

"Kafika," mama yake akasema, na hapo ndipo akina mama wa Kinole wakaanza kulia kwa sauti, wote kwa pamoja, kama inavyopaswa.